Mashimo Manne Katikati ya Shamba

Mtulinga ni mfupa ambao sikuwahi kuufikiria mpaka ulipovunjika. Nilifundisha shule ya msingi miaka thelathini na kitu, nikawachorea watoto mifupa ubaoni, fuvu, mbavu, paja, na huo unaolala kati ya shingo na bega nikaupitia haraka kwa mstari mmoja wa chaki. Sasa wangu una bamba la chuma na skrubu saba, na asubuhi za baridi hapa Maguu najua ulipo bila kuugusa.

Niliuvunja kwa ubishi wangu mwenyewe. Ilikuwa mwishoni mwa Januari, mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, nami natoka Mbinga kwa bodaboda. Tulipofika chini ya mlima wetu dereva akasimama, akasema kwa adabu, "Mwalimu, shuka kidogo, hapa panateleza. Nitakusubiri pale juu." Kila mtu hushuka pale. Mapadri hushuka. Lakini mimi nilikuwa nimevaa viatu vipya, nikamjibu, "Nimekodi mpaka nyumbani, sikukodi mpaka matopeni." Nilimfundisha mwenyewe darasa la pili, kwa hiyo hakuthubutu kubisha. Tulipanda kidogo tu, gurudumu la nyuma likaanza kuzunguka bure, pikipiki ikarudi nyuma, nikatua kwa bega la kulia. Nilisikia kitu kikikatika ndani yangu, sauti ndogo, kama kijiti kikavu cha kuwashia moto. Dereva hakuumia hata ukucha. Viatu vilichafuka vilevile.

Mbinga walinipiga picha. Wakanieleza kwamba mitulinga mingi hupona yenyewe. Unafungwa mkono kifuani, unatulia, mfupa unajishika. Wangu ulikuwa umevunjika vipande vitatu, na ncha moja imesimama inasukuma ngozi kutoka ndani. Niliiona kwenye kioo cha chooni, imeivuta ngozi mpaka ikawa nyeupe. Hiyo haikuwa ya kusubiri. Wiki ile daktari wa upasuaji wa mifupa alikuwa katika hospitali moja ya ufukweni, kule chini ziwani, basi tukateremka mimi na mume wangu, mkono umefungwa kwa kanga, na kila kona ya barabara nikaihesabu kwa meno.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo, umri wa binti yangu wa mwisho. Alinipa shikamoo, akaishika picha kwenye mwanga wa dirisha, akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia mimi ni mwalimu mstaafu. Mume wangu ni mtu anayeweza kumaliza siku nzima kwa maneno ishirini. Akatumia moja hapo.

"Analima."

"Jembe la mkono?" daktari akauliza.

"Ngolo," nikasema mimi, na nadhani nilisema kwa majivuno.

Nieleze, maana si kila msomaji amefika milimani kwetu. Mashamba ya Wamatengo yako kwenye miteremko ambayo mgeni huona haya hata kuipanda kwa miguu. Wakati wa masika nyasi hukatwa, zikikauka hupangwa chini kwa mistari inayokatizana, shamba zima likawa la miraba. Kisha unasimama ndani ya kila mraba, unachimba udongo wa katikati na kuufunika juu ya nyasi pande zote nne, na maharage humo humo. Unabaki na shimo katikati na matuta kulizunguka. Mvua ikija, maji yanakaa shimoni, udongo hauendi popote. Msimu mpya ukifika, mashimo ya zamani hufukiwa na mapya huchimbwa kando yake. Hiyo ndiyo ngolo. Kukata nyasi na kuzipanga ni kazi ya mwanamume. Kuchimba ni kazi ya mwanamke. Mwanamume kushika jembe kwenye ngolo ni kama mwanamume kusukwa nywele: hakuna anayemzuia, ila watu watatazama.

Na kwetu watu hutazama kweli. Mlima unaelekea mlima, shamba lako liko wazi kama nguo iliyoanikwa. Mimi naweza kusimama upande wa pili wa bonde nikakwambia huu ni mkono wa nani na ule ni wa nani. Mkono wangu ulikuwa unajulikana. Mashimo yangu yalikuwa sawasawa, mistari imenyooka mpaka juu, na mama mkwe wangu, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, aliwahi kusimama ng'ambo akatazama kwa muda mrefu, kisha akaniachia shamba lile. Nilikuwa mwalimu kwa cheti. Kwa shamba lile nilikuwa mtu.

Kwa hiyo nilimuuliza daktari jambo moja tu, kama nitalima tena.

"Mfupa nitauunganisha, mama," akasema. "Kwa kawaida unashika vizuri. Lakini mkono kurudi juu, hiyo itakuwa kazi yako, siyo yangu. Na jembe usiliguse miezi mitatu."

Nilihesabu kwa vidole vya mkono mzima. Februari, Machi, Aprili. Ngolo ni Machi.

Asubuhi ya upasuaji mume wangu alinisindikiza mpaka mwisho wa ukumbi, pale ndugu wanapoachwa. Walikuwa wamenichoma kitu cha kunituliza, na kichwa kilikuwa chepesi. Mtu mwingine angesema tuombe. Mimi nikamshika mkono nikamwambia, "Sikiliza. Mwanamke mwingine asiguse shamba langu." Nilikuwa nawafikiria wanawake wa jumuiya yetu ya kanisani, watu wema, wanaochimba kama kuku. Akaitikia kwa kichwa. Kisha taa, barakoa za kijani usoni mwa watu, na sauti ya daktari ikiniambia nihesabu. Sikumbuki nilifika wapi.

Ninachokumbuka ni ziwa. Nilikuwa nalima ngolo juu ya maji. Jembe lilikuwa jepesi, naliinua na kulishusha, kila shimo nililochimba likakaa pale linang'aa mpaka nigeuke, na nikigeuka linajifunga. Sikuwa na hofu wala haraka. Nilijua tu kwamba mistari lazima inyooke mpaka ng'ambo, kwenye milima ya Malawi, na nilikuwa na muda wote duniani.

Nilipofumbua macho nilikuwa kitandani karibu na dirisha, na ziwa lilikuwa linaungua. Nguzo za moshi mweusi zilisimama juu ya maji, tatu, nne, zinayumba polepole, nyingine imeinamia ufukwe. Nilijaribu kuinuka. Nikasema kijiji kizima kinaungua na ninyi mmekaa, waiteni watu. Muuguzi akanirudisha kwenye mto kwa kiganja kimoja. "Ni wadudu, mama. Wanatoka majini, wanaruka pamoja. Jioni watu watawakamata wawakaange." Mimi nimezaliwa saa chache kutoka ziwa lile na sikuwahi kujua kwamba maji yanaweza kutoa moshi. Nilimwangalia nikidhani usingizi bado haujaniachia, na kwa kweli siku nyingi baadaye sikuwa na uhakika.

Mume wangu ilibidi arudi kwenye kahawa. Mimi nilibaki ziwani, Lipingo, kwa mdogo wangu aliyeolewa huko, maana daktari alitaka kuniona tena na barabara ya kwetu wakati wa masika si ya mfupa mbichi. Mdogo wangu alinipokea kwa methali. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema akinivua viatu. "Wewe dada hata guu hukuridhika nalo." Nilimwambia dereva si mkuu wangu. Akasema ndiyo maana.

Siku za Lipingo ziko kichwani mwangu kama siku moja ndefu. Asubuhi dagaa wanamwagwa kwenye vichanja, usipa wanaita kule, na ufukwe wote unameremeta. Wanaimba kanisani kwao, Waanglikana, nyimbo ambazo ninazijua nusu nusu kwa maneno mengine. Mchana nakula ugali wa muhogo, ambao sikuupenda siku ya kwanza na siupendi mpaka leo, kisha namezeshwa vidonge vya maumivu, kisha nalala kwenye mkeka barazani, mkono kifuani, na maji yananirudia yale yale. Kila nilipolala nilikuwa nalima ziwani. Wakati mwingine mama mkwe alikuwa amesimama ng'ambo anatazama. Niliamka mara nyingine nikiwa na jasho kwenye kiganja, kama mtu aliyetoka kushika mpini.

Baada ya wiki mbili hivi nyuzi zilitolewa. Kovu lilikuwa refu kuliko nilivyodhani, limelala sambamba na mfupa, na chini yake ngozi ilikuwa imekufa ganzi. Mdogo wangu akinigusa pale nahisi kama anamgusa mtu aliyekaa karibu yangu. Daktari alinionyesha mazoezi. Kwanza uiname, uuache mkono uning'inie na uzunguke wenyewe, duara dogo, kama unakoroga chungu kilicho chini. Baadaye, akiruhusu, usimame mbele ya ukuta na kuupandisha mkono kwa vidole, vinatembea juu kidogo kidogo, mpaka panapouma, pale unasimama, unahesabu, unashuka.

Mdogo wangu alichukua kipande cha mkaa, na kila nilipokomea akachora mstari mfupi ukutani kwake. Mstari wa kwanza ulikuwa usawa wa tumbo. Nilikuwa mwalimu, nimewaambia watoto wasiohesabika kwamba haba na haba hujaza kibaba, na sasa nilisimama mbele ya ukuta wa udongo nikitaka kumtukana aliyetunga. Siku nyingine mkono ulifika chini ya mstari wa jana. Siku hizo nilikaa barazani sikutaka kuongea na mtu, nikitazama ng'ambo ya maji, na niliogopa. Sikuogopa kufa. Niliogopa kuwa yule bibi anayeletewa kiti pembeni ya shamba ili atazame.

Mume wangu alipiga simu kila Jumapili baada ya misa.

"Shamba je?" ninauliza.

"Shamba lipo."

"Nyasi umekata?"

"Nimekata."

"Umepanga?"

"Nimepanga."

"Na kulima?"

"Mwalimu, umekula?"

Basi nikajua. Nyasi zimelala pale kwa miraba, zinaoza, na hakuna aliyechimba. Machi ilikuwa inakwisha. Mdogo wangu alisikia kutoka kwa mtu wa sokoni kwamba wanawake wa jumuiya walikwenda nyumbani kwangu na majembe yao, kundi zima, na mume wangu akawashukuru na kuwarudisha, akisema Mwalimu amekataza. Ningeweza kusema neno moja kwenye simu: waruhusu. Nililiandaa Jumapili mbili. Mara zote mbili nilimaliza kwa kumuuliza habari za kahawa. Naandika hili kwa aibu. Nilikuwa tayari tukose maharage mwaka mzima kuliko kuona mkono wa mwanamke mwingine kwenye mlima wangu.

Katikati ya Aprili daktari aliniruhusu kurudi nyumbani, bila jembe, bila ndoo. Mdogo wangu alihesabu mistari yake ya mkaa akasema hataifuta. Wa juu kabisa ulikuwa usawa wa jicho langu.

Chini ya mlima wetu nilishuka kwenye pikipiki kabla sijaambiwa. Dereva hakusema kitu, ni mtoto mzuri. Nilipanda kwa miguu taratibu, na pale njia inapopinda na bonde kufunguka, nikageuza uso kuelekea shamba langu upande wa pili.

Lilikuwa limelimwa. Maharage yalikuwa yameota, kijani kimefunika matuta. Nilikasirika kabla sijashangaa. Niliusoma mkono ule na sikuujua. Mashimo mengine madogo kama bakuli, mengine ungeweza kumlaza ndama. Mistari inaanza vizuri chini, inafika katikati inaegemea upande, kisha inajikumbuka na kunyooka tena. Na pale katikati kabisa ya shamba palikuwa na kipande hakijaguswa, cha mashimo ya zamani, kama mtu amechoka akaenda kula na hakurudi. Nilipitisha wanawake wote wa Maguu kichwani. Hakuna aliyelima vibaya kiasi kile.

Mume wangu alikuwa nyuma ya nyumba anamwagilia miche ya kahawa. Alisimama aliponiona. Aliangalia bega kwanza, kisha uso.

"Nani amelima shamba langu?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Ulisema mwanamke mwingine asiguse."

Hakuwa anatania. Alisema kama mtu anayesoma maagizo kwenye chupa ya dawa. Nikamshika viganja nikavigeuza. Mkono wa panga huwa na sugu zake, na hizo nilizijua. Chini yake kulikuwa na malengelenge mapya, mengine yamepasuka na kukauka. Nilicheka mpaka bega likauma, nikakaa chini, nikacheka tena. Baadaye nilisikia yote. Alikuwa anatoka alfajiri ili amalize mapema, lakini mlima hauna siri, na siku ya pili tu ng'ambo walikuwa wamejaa watu wanaopita polepole. Klabuni walimuuliza atasukwa nywele lini. Aliwajibu kwamba akimaliza kulima.

Lakini mimi sikuweza kujizuia. Nilipomaliza kucheka nikasema, "Na pale katikati? Ulichoka?"

"Pale paache kwanza," akasema, akarudi kwenye miche yake.

Nilipaacha, ila kila siku nilipachokonoa. Jioni nikikaa mlangoni na mkono wangu ukutani, vidole vinatembea, nilikuwa naona kipande kile ng'ambo na kinaniwasha. Nilimwambia hata mtoto wa darasa la kwanza humaliza mstari. Nilimwambia majirani wanadhani tumezika kitu. Alikuwa anatabasamu, anazungumzia mvua.

Mwezi Mei nikashuka tena ziwani kupiga picha ya mwisho. Daktari alinionyesha mahali mfupa ulipopita kutoka kipande hadi kipande, wingu jeupe lililojaza nyufa chini ya bamba. Aliuinua mkono wangu yeye mwenyewe mpaka juu, akauachia, na mkono ukabaki juu. Akasema nianze kidogo kidogo. Nikamuuliza kama kidogo kidogo ni pamoja na jembe. Akasema, "Ndiyo, mama, jembe."

Kesho yake asubuhi nilichukua jembe langu nyuma ya mlango. Mpini ulikuwa umelainika mahali pale pale, ila una alama mpya juu kidogo, za mikono mikubwa. Sikumwita mtu. Nilipanda kati ya maharage yaliyoanza kushika vitumba, umande unanilowesha mpaka magotini, ukungu umekaa bondeni kiasi kwamba mlima wa pili ulikuwa unaelea, na kwa muda nilihisi nimerudi kwenye ile ndoto, nipo juu ya maji na jembe jepesi. Nilikuwa naenda kumaliza kile kipande cha katikati.

Nilisikia nyayo. Mume wangu alikuwa amenifuata.

"Hapo pasiguswe," akasema.

Nikageuka, nimekasirika kweli. "Kwa nini? Mwezi mzima nakuuliza kwa nini."

Alionyesha jiwe lililokuwa pembeni, limesuguliwa na kukaliwa. "Nilikuwa nakaa hapa. Natazama ulivyofanya, halafu naenda kufanya. Nikisahau, narudi."

Ndipo nikatazama vizuri. Yalikuwa mashimo yangu manne, ya msimu niliolima mwisho, kabla ya yote haya. Magugu yalikuwa yameng'olewa kwa vidole. Pale mvua ilipobomoa tuta, mtu alikuwa ameweka udongo na kuupigapiga kwa kiganja, ili libaki kama nilivyoliacha. Nimeona wanafunzi wengi wakinakili daftari la mwenzao. Sijawahi kuona aliyelitunza hivyo.

"Lakini kulima kulikwisha Machi," nikasema. "Mbona hukuyafukia?"

Alikwangua matope kwenye kiatu kwa kijiti.

"Daktari alisema mkono kurudi ni kazi yako," akasema. "Sikujua kama utarudi. Usingerudi, ningehitaji pa kutazamia. Safari ijayo, na nyingine."

Nilimpenda mtu huyu miaka arobaini bila kuwa na haja ya kulisema, na pale kati ya maharage yaliyopandwa kombokombo nilimpenda mpaka nikaumia, na nikaona aibu kwa kila neno nililomtupia kuhusu kipande kile. Nikashika mpini. Nikainua. Mkono ulipita mstari wa kwanza wa mkaa, ule wa usawa wa tumbo, ukapita wa kifua, ukapita wa jicho, ukafika juu, ukasimama huko. Bamba liliuma kidogo. Nikashusha.

Nililifukia shimo la kwanza, na la pili, na la tatu, napumzika kila baada ya moja. Alisimama akitazama, na sikumwambia aende. Lilipobaki la nne nikampa jembe.

"Shika chini zaidi," nikamwambia. "Ndiyo maana mistari yako inaegemea."

Akashika chini zaidi.